Midomo Inacheza, Sauti Haipo

Scola alikuwa na chumba kimoja cha studio karibu na soko la Bariadi. Alipiga picha za pasipoti, alirekodi harusi, na siku hizi watu walimletea kanda zao za zamani za video awachomee kwenye diski kabla ukungu haujazimaliza. Kazi hiyo aliiweza. Ndiyo maana kanda ya Mama Generoza wa Nkoma ilimvuruga akili kiasi kile.

Ilikuwa kanda ya harusi ya binti yake, Nyanjige, ya miaka mingi iliyopita. Mama Generoza alitaka kitu kimoja tu humo ndani: hotuba ya marehemu mumewe, Mzee Mayunga. Siku ya harusi jenereta lilizimika mzee aliposimama na maikrofoni, spika zikafa, na ngoma za vijana nje ya turubai zikammeza. Hakuna aliyesikia neno. Kamera ilikuwa na betri yake, ikaendelea kurekodi. Baadaye mkewe alipomuuliza alisema nini, mzee alijibu, "Nilishasema." Hakurudia mpaka alipofariki.

"Na kwenye kanda?" Scola alimuuliza.

"Hata kwenye kanda hatumsikii, mwanangu. Ndiyo nimekuja kwako."

Scola aliicheza pale studio. Mzee alisema vizuri tu, ngoma upande huu, yeye upande ule. Kisukuma cha Scola kiliishia kwenye salamu, maana alizaliwa Karagwe na kuletwa Bariadi na ndoa, kwa hiyo maneno hayakumwingia. Lakini sauti ilikuwepo. Akachoma diski, akampa bodaboda aipeleke Nkoma, akajua yamekwisha.

Jioni simu ikaita.

"Mwanangu, ngoma nasikia. Vigelegele nasikia. Mume wangu midomo inacheza, sauti haipo."

Scola akaiweka nakala yake kwenye kompyuta. Mzee akasema. Akaitoa, akairudisha. Mzee akasema tena. Akafikiri labda deki ya kule haielewi aina ya sauti aliyochagua, akabadilisha mpangilio, akachoma upya kwa mwendo wa polepole. Kutoka Nkoma jibu likawa lile lile. Akapandisha sauti ya kanda nzima. Safari hii Mama Generoza alilalamika kwamba ngoma zimewatoa kuku ndani ya nyumba, na mzee bado bubu. Akanunua diski za aina nyingine. Wapi!

Kilichomchanganya ni kwamba ngoma zilisikika. Sauti ikikataa, si ikatae yote? Inawezaje kuchagua mtu mmoja wa kumnyamazisha?

Huko Nkoma walikuwa na jibu lao. Kwandu, dada wa Mzee Mayunga, alisema kaka yake hataki. "Alikataa kurudia akiwa hai, mnamlazimisha amekufa?" Akashauri ifanyike tambiko kwanza. Mama Generoza, mtu wa kanisani, alimsimulia Scola hayo kwenye simu kwa kicheko kidogo ambacho hakikufika mwisho.

Scola alikuwa mtu wa nyaya na vitufe, lakini siku ile alijikuta anaitazama ile kanda kwa jicho lingine. Asubuhi akapanda bodaboda kwenda kujionea.

"Mwangaluka, mayu," alisalimu mlangoni.

"Mwangaluka, mwanangu. Pita."

Televisheni ilikuwa ya chogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Diski ikawekwa. Kweli: ngoma zinaunguruma, mzee kasimama na maikrofoni, midomo inapanda na kushuka, kimya. Kwandu aliguna kama mtu aliyeshinda kesi.

Scola akainama nyuma ya televisheni. Waya wa njano wa picha ulikuwa mahali pake. Mweupe wa sauti, mahali pake. Mwekundu ulining'inia hewani.

"Huu mbona haujachomekwa?"

"Hauna tundu," alisema Mama Generoza. "Tangu tuinunue. Hata deki ya kanda tuliifunga hivyo hivyo."

Scola alibaki ameinama, ameshika ule waya. Mpiga picha wa harusi ile alikuwa ameingiza ngoma na kelele upande wa kushoto, na maikrofoni ya mzee, iliyofungwa moja kwa moja kwenye kamera, upande wa kulia. Studio kwake pande zote mbili zilisikika. Hapa, miaka yote, nusu ya sauti ilikuwa inaishia hewani. Akachomoa mweupe, akachomeka mwekundu kwenye tundu lile lile.

Ngoma zikakatika. Na Mzee Mayunga, kwa sauti ya taratibu, akaongea ndani ya nyumba yake.

Scola hakuelewa neno. Aliona tu mkono wa Mama Generoza ukienda mdomoni.

"Anasemaje?" Scola alinong'ona.

Kwandu ndiye aliyetafsiri, sauti yake imebadilika. "Anamwambia mkwe. Anasema, siku nilipomchukua mama yake huyu binti kwao, alilia njia nzima. Nikajiapia hatalia tena kwa sababu yangu. Nimeshindwa, mara nyingi nimeshindwa. Wewe jitahidi kunizidi."

Mama Generoza alicheka, kisha akakunja uso. "Kawaambia watu wote! Mimi niliyekuwa nalia, kwa nini hakuniambia?" Akamgeukia wifi yake. "Au aliponijibu kwamba alishasema, alidhani nilisikia?"

Scola alieleza alilolijua: atazichanganya pande mbili ziwe moja, zitoke kwenye waya wowote, kisha achome upya kwa ajili ya watoto wote.

"Sawa, mwanangu," alisema Mama Generoza, lakini hakuwa anamsikiliza. "Mrudishe kidogo. Pale anaposema ameshindwa."

Scola akarudisha. Mama akasogeza kigoda karibu na kioo, akamtazama mumewe kama mtu ambaye bado hajaamua amkaripie au amkaribishe chakula.