Ngoma Isiyofanyiwa Mazoezi

Siku yangu ya kwanza kazini Kibiti nilivaa tai. Nilikuwa na shahada ya sanaa za maonyesho, nimeandika tasnifu nzima kuhusu ngoma bila kutoka jasho hata mara moja. Afisa Utamaduni, mkuu wangu wa kwanza, aliitazama ile tai akasema, "Hiyo itatufaa kufungia spika kwenye gari." Ikafungiwa spika.

Kazi yetu huenda vijana wa leo hamuijui. Tulizunguka vijijini kusaka vikundi, tukaviweka kwenye mazoezi, kisha tukavipeleka tamashani. Ngoma ya kutwa nzima ikawa ya dakika chache. Hilo tuliliita "kuchuja."

Katika kijiji kimoja cha kata ya Dimani tulikuta ngoma ya tambiko. Wakati wa vita vya Maji Maji wanaume wa pale walikunywa dawa ya maji wakaondoka, na wengi hawakurudi wala hawakuzikwa. Tangu hapo, kila baada ya mavuno ya mpunga, dua husomwa, wali hupikwa, kisha wanawake hupanga mstari na kucheza kwa kuburuza miguu, wakiwaita wale wanaume waje kula. Ngoma hiyo haikufanyiwa mazoezi kamwe. Msichana alijifunza kwa kusimama nyuma ya mama yake siku yenyewe. Akikosea, angoje mwakani.

"Ngoma bila mazoezi ni fujo," alisema mkuu wangu.

Bi Mwanaidi, aliyeiongoza, alikuwa akipepeta mchele. "Bwana mkubwa, wewe humwita mtu kwako kujaribu tu kama atasikia?"

"Bibi, hawa ni marehemu."

"Ndiyo maana nakuuliza. Aliye hai atakutukana, yaishe."

Wanawake vijana walitaka kwenda. Tamasha lilikuwa Dar es Salaam, na wengine walikuwa hawajafika huko. Bibi hakuwazuia, alisema tu goti linamuuma. Mkuu akatoa amri wafanye mazoezi, nami nikawapanga katika ukumbi wa Kibiti, nikiwahesabia mapigo kwa sauti ya chuo kikuu. Tamashani walipigiwa makofi, kitu ambacho ngoma ile haikuwahi kupata.

Mavuno yalipofika nilikwenda kuiona kijijini penyewe. Dua ikasomwa, wali ukaiva, mstari ukapangwa. Bi Mwanaidi hakuanza.

"Bibi, twakungoja," mmoja alimwambia.

"Mmeshawaita. Wamekwenda hadi Kibiti, wamekuta viti vya plastiki na huyu Bwana Mazoezi. Niwaite tena niwaambie nini?"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Wali tuliula sisi.

Alifariki kabla ya mavuno mengine. Hatua wote wanazijua, lakini hakuna anayekubali kuanza, maana hakuna ajuaye kama wale wamesamehe.

Mimi nilihamishwa Lindi, kisha Mkuranga, nikapata cheo cha mkuu wangu na tai nyingine. Nimechuja ngoma nyingi. Zile zinazochezwa bado, sijui ni ngapi zinamwita mtu.

Mwaka niliostaafu nilirudi Dimani wakati wa mavuno. Wanawake bado hukutana. Hupanga mstari, husimama kimya, kisha hufagia uwanja, ili wale wakija wenyewe wakute pasafi. Mmoja wao, aliyekuwa msichana siku zile za ukumbini, alinitambua.

"Bwana Mazoezi, usisimame bure," akasema, akinipa ufagio.

Nilimwuliza nianzie wapi.

"Anza tu. Ukikosea, utangoja mwakani."