Miguu Saba Upande Mmoja

Sirad Ogle alikuwa hajawahi kuiona bahari. Kwa miaka kumi na tisa ya kazi alichokiona ni kupe: wa ngamia wa Bute, wa mbuzi wa Diff, wote ndani ya vichupa vya spiriti katika maabara ya mifugo mjini Garissa. Ndiyo maana binamu yake Keinan, aliyekuwa akipiga mbizi kule Kiunga kuhesabu samaki wa matumbawe, alimtumia picha. Samaki mdogo wa manjano, na chini ya jicho lake mdudu wa kijivu amejishikiza.

Sirad aliitupia jicho mara moja, akapiga simu. "Ni kupe."

Keinan akafurahi. Ripoti ingeandikwa: ametambuliwa na Sirad Ogle. Jina hilo halikuwa limewahi kuchapwa popote.

"Samaki ana kupe?" Rukiyo, mwenzake wa maabara, alicheka. "Huyo anachungwa wapi, abaayo, dada yangu? Na anaogeshwa josho gani?"

Adhuhuri, joto limeulaza mji, Sirad alikaa na picha yake dirishani. Mwanga ulipenya pazia la kijani ukatetema ukutani, na polepole chumba kikawa maji. Samaki wakapita juu ya meza kama kundi litokalo malishoni, ila bila vumbi wala kengele. Yule wa manjano akasimama mbele yake. Sirad akamkagua kama baba yake alivyomfunza kukagua ngamia: tafuta mahali ambapo mnyama hawezi kujifikia. Chini ya jicho, naam. Kisha, kwa mazoea tu, akachukua lenzi akahesabu miguu.

Kupe ana minne kila upande. Huyu alikuwa na saba, na mgongo wa pingili kama wa kamba wa baharini.

"Nyamaza tu," Rukiyo alimwambia. "Nani huko baharini atamhesabu miguu?"

Sirad alitembea hadi kwenye simu ya posta. "Keinan, nilikosea. Si kupe. Nadhani ni jamaa wa kamba, lakini jina lake silijui."

"Nimeshapiga chapa, abaayo. Sasa jina lako nilitoe?"

Alitamani mno kusema hapana. "Litoe. Ila andika ile miguu saba, na mahali aliposhika. Hayo ni kweli."

"Aliyeyaona nani?"

"Mimi."

"Basi usikate simu."

Akasikia karatasi ikizungushwa kwenye taipureta, kisha herufi zikigongwa moja moja, na Keinan akisoma taratibu: jina halijajulikana, ameelezwa na Sirad Ogle, Garissa.