Chokaa ya Sabato

Saa nne asubuhi ya Sabato, Waadventista wote wa Rongo wakiwa kanisani, Bosibori alikuwa juu ya stuli sebuleni kwake, brashi mkononi, akipaka ukuta chokaa. Tangu abatizwe hakuwahi hata kufua leso siku hiyo. Na alikuwa shemasi, jamani, shemasi mzima! Nyanchoka, mkuu wa akina mama, alikuwa ametumiwa ujumbe kwamba Bosibori amelazwa na malaria.

Angefanyaje? Kesho yake, Jumapili, wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa binti yake Emmah walikuwa wanakuja kutoka Homa Bay kuona nyumba aliyolelewa msichana. Kuta zenyewe zilikuwa nyeusi kwa moshi wa jiko na taa ya koroboi wa miaka kumi na moja. Fundi aliyeahidi kuja Alhamisi alizima simu. Ijumaa Bosibori akanunua chokaa mwenyewe, akaikoroga kwenye ndoo, akatia chumvi, akaichuja kwa kitambaa na kuanza. Alipomaliza kupaka mara ya kwanza, jua likazama na Sabato ikaingia. Moshi bado ulionekana. Ilibidi apake mara ya pili, na hiyo nayo ilihitaji siku nzima ikauke kabla wageni hawajafika. Hesabu aliipiga kila upande, ikamrudisha pale pale.

Sasa chokaa nayo ina vituko vyake. Ikiwa mbichi haionekani. Unapaka mpaka bega linauma, na ukuta unabaki na rangi ya maji machafu, ukadhani umejichosha bure. Weupe huja baadaye, taratibu, kadiri ukuta unavyokauka. Bosibori alipaka upesi upesi akianzia dirishani, na kila mbwa alipobweka nje moyo wake uliruka.

Alikuwa amebakiza kipande kidogo tu karibu na mlango aliposikia sauti ya Rispa, jirani yake Mjaluo Mkatoliki, ambaye Jumamosi yake ni ya kuanika nguo.

"Min Emmah! Watu wa kanisa yenu wanakuja! Nimewaona hapo kwa kona, wamebeba vyombo!"

Walikuwa wanakuja kumwona mgonjwa. Bosibori hakuliwazia hilo hata kidogo, yeye ambaye kila Sabato ndiye huwapanga akina mama waende kuona wagonjwa. Alimalizia kipande kile kwa mipako miwili mitatu, akasukuma ndoo nyuma ya pazia, akafuta matone sakafuni, akarudisha viti na benchi ukutani. Kisha akajitupa kwenye kochi na kujifunika blanketi hadi shingoni, mikono yote miwili ndani. Kuta bado zilikuwa na rangi ya matope. Akamshukuru Mungu, halafu akaona aibu kumshukuru.

Waliingia watano. Nyanchoka aliketi karibu na dirisha. Wa mwisho kuingia alikuwa Linet, akakaa peke yake kwenye benchi karibu na mlango, mgongo ukutani. Bosibori alipomwona alitamani sakafu ipasuke. Linet ana duka dogo la rejareja. Mwaka uliopita alilifungua siku ya Sabato akamuuzia mtu sukari, na aliyepeleka habari kwa wazee wa kanisa alikuwa Bosibori. Linet akatolewa kwenye kwaya, na akaambiwa kwamba kosa la pili litamfutia jina kanisani. Leo amekuja kumwombea.

"Pole sana, Mama Emmah," Nyanchoka akasema. "Unatoka jasho jingi. Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Na hii harufu ni ya nini?"

"Ni dawa ya kunguni," Bosibori akajibu, na akina mama wakavuta sketi zao.

Wakaimba, kisha wakainama kuomba. Bosibori alifumba jicho moja. Jua la saa saba lilikuwa limeingia dirishani, na juu ya kichwa cha Nyanchoka ukuta ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Weupe ukashuka, ukapanuka, ukaja upande wa kochi. Bosibori alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuwa nayo hata siku ya kujifungua. Aliomba maombi yaishe, kisha akaomba yasiishe, maana yakiisha watafumbua macho.

Yaliisha. Nyanchoka akatazama ukuta, akainua kidole, akausugua. Kidole kikatoka kikavu na safi.

"Kumbe umepaka chokaa! Lini?"

"Jana," Bosibori akasema. "Kabla jua lizame."

"Imependeza. Wakwe watafurahi."

Basi, yakaisha hivyo. Bosibori alipumua mara ya kwanza tangu asubuhi. Wakamuaga, wakasimama, na Linet akageuka kuelekea mlangoni.

"Linet!" mmoja wao akaita. "Mgongo wako umefanya nini?"

Gauni lake la bluu lilikuwa limelowa kutoka mabegani hadi kiunoni, chokaa mbichi iliyoanza tu kuwa nyeupe.

"Si ni ukuta?" Linet akasema, akijaribu kufikisha mkono nyuma.

"Ukuta upi? Huu umekauka, nimeugusa mimi mwenyewe." Sauti ya Nyanchoka ilikuwa imebadilika. "Linet, si wewe unapaka duka lako chokaa wiki hii?"

"Nimekuja hapa kutoka kanisani, mama."

"Na kabla ya kanisa?"

Linet aliushusha mkono. Alikuwa ameshajua jinsi maneno kama hayo yanavyoisha. Nyanchoka akamgeukia mgonjwa. "Mama Emmah, si umesema ni ya jana?"

Wote wakamtazama. Bosibori angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangeisha, wageni wa kesho wangekaa kwenye nyumba nyeupe ya mama shemasi, na Emmah angeolewa vizuri. Jibu lilikuwa neno moja tu, na alikuwa ameshalisema mara moja.

Akatoa mikono kwenye blanketi. Chokaa ilikuwa imekaukia mpaka viwikoni, ngozi imepasuka.

"Ni ya leo," akasema. "Nimepaka asubuhi, nyinyi mkiwa kanisani. Pale mlangoni nimemaliza mkiwa kwa kona. Linet hana kosa. Sina malaria."

Mmoja wa akina mama akagusa ukuta karibu na mlango, kidole kikatoka kimelowa.

"Na kunguni?" Nyanchoka akauliza polepole.

"Sina kunguni."

Nyanchoka alichukua Biblia yake akatoka bila kuaga, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Linet alibaki amesimama pale pale, akimtazama Bosibori kwa muda mrefu. Kisha akamgeuzia mgongo.

"Basi kuja unifute," akasema. "Mimi mwenyewe sifiki."