Bwana wa Hungaria Aliyenifukuzisha Kazi

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia shule ya msingi na naandika polepole, kwa hiyo nanyi msinisome mbio.

Nilikuwa nafunga mizigo ya nguo kwa tajiri mmoja wa Dar, hapa Dengfeng, mtaa wa wageni huku Uchina. Wote tulimwita laoban, kama Wachina wanavyomwita bosi wao, na karibu kila mzigo wetu wa kwenda nyumbani ulipitia kwake kwa malipo. Alinipa kazi na kitanda, chumba kimoja na mwanafunzi wa historia. Huyo alikuwa akijisomea kwa sauti, nami nimelala namsikia. Ndivyo nilivyomjua bwana mmoja mkubwa wa Hungaria ya zamani.

Ijumaa moja baada ya swala, tukisubiri biriani mgahawani, laoban akanielekezea kijiko.

"Huyu bubu naye leo atuchangamshe. Sema lolote, mwanangu."

Lolote nililokuwa nalo ni yule bwana. Nikasema, macho yangu kwenye sahani, kwamba alikuwa na ngome nyingi kuliko mfalme. Kila aliyepita na mzigo alimlipa yeye. Alimwapia mfalme mmoja utii, mfalme alipodhoofika akahamia kwa mwingine, na kila alipohama alipewa cheo. Vijiji vya kanisa alivichukua, akasema anavitunza.

Nilipoinua macho, aliyekuwa anacheka ni mmoja tu, muuza viatu wa soko la Zhanxi, hasimu wa laoban.

"Kijembe hicho!" mtu akasema.

"Nani kakutuma?" laoban akaniuliza.

"Hakuna, bosi. Ni mtu wa Hungaria."

"Hungaria ni duka gani hilo, liko ghorofa ya ngapi?"

Katibu wa umoja wetu sisi watu wa nyumbani akadakia kwa hasira, "Yale masufuria ya umoja mimi nayatunza tu!" Hakuna aliyekuwa amemtaja. Jirani yake akaapa kwamba yeye alihama kambi ya mwenyekiti wa zamani kwa sababu za kiafya.

Laoban akagonga meza. "Sasa sikiliza. Ukitaka kurudi kazini kesho, malizia vizuri. Sema bwana huyo alitubu, akarudisha vya watu."

Kazi niliitaka, na kile kitanda nilikitaka zaidi. Lakini mwanafunzi alikuwa amesoma mpaka mwisho, nami sikuwa nimesinzia.

"Hakutubu, bosi. Alikufa tajiri, hakuacha mrithi, na mfalme akachukua ngome zote."

Hapo hata muuza viatu aliacha kucheka. Biriani ikaja, ikaliwa, na jioni nikabeba begi langu.

Kesho yake muuza viatu akaniajiri. Sharti lake ni kwamba kila Ijumaa nikae karibu na laoban, nisimulie habari za bwana mwingine kama yule. Mimi naona haya, na vita vyao sivitaki. Nimemwomba mwanafunzi anitafutie bwana mkubwa wa zamani ambaye hakumdhulumu mtu. Anasema bado anatafuta. Basi msomaji, kama wewe unamjua mmoja, tafadhali niandikie maisha yake, na ikiwezekana kabla ya Ijumaa.