Mkate wa Idi Pili

Kila mtu ana jambo lake la kuringia. Afra wa Jang'ombe haringii nyumba, maana ana vyumba viwili na ukumbi wa kupitia tu, wala haringii kazi, maana anauza vitambaa katika duka la watu huko Mlandege na ikifika jioni miguu imeshamvimba. Anachoringia ni kwamba utotoni alikuwa mjumbe wa bibi yake. Ukimuuliza atakusimulia, na usipomuuliza atakusimulia vile vile.

Bibi mwenyewe ni marehemu Bi Hamda wa Sokomuhogo, aliyemlea Afra tangu baba yake alipofariki. Alikuwa mwanamke mfupi wa Kimanga mwenye sauti ya mtu mrefu. Kila mwaka, siku ya Idi pili, Bi Hamda alipika mkate wa kumimina na ukoo mzima ukaja kuula, wengine ndani, wengine barazani, watoto kwenye ngazi. Siku mbili kabla yake Afra alivalishwa kanga mpya na kutumwa nyumba hadi nyumba kualika, kwa maneno aliyokaririshwa mpaka akayasema usingizini: "Bibi anakusalimuni. Mkate wa Idi pili upo, baada ya laasiri. Msikose." Basi, hakuna zaidi. Mara moja alijitia ujuzi akaongeza, "Na mje na watoto." Bi Hamda alipopata habari alimrudisha nyumba zote tatu alizokwishapita akaseme upya. "Kwani wao huwaacha wapi watoto wao?" alimuuliza.

Bi Hamda alikuwa na ada nyingine pia. Mkate ulipokatwa, kipande cha kwanza hakikwenda kwa mkubwa wa watu, wala kwa mgeni wa heshima. Kilikwenda kwa aliyefika mwisho. Alisema aliyechelewa huingia na haya zake, basi apewe yeye kwanza ili azisahau. Na kweli, wapo waliokuwa wamegombana na wenzao, wakazunguka vichochoroni nusu saa wakijishauri waingie au warudi, na walipoingia wakatiwa kipande mkononi kabla hata ya salamu kwisha. Afra, ambaye siku hiyo aliamka alfajiri kukuna nazi, hakukipata hata mwaka mmoja. Alipofikia umri wa kununa alimlalamikia bibi yake.

"Weye hujafika, mwanangu," Bi Hamda alimjibu. "Weye umo."

Bi Hamda alifariki mwaka juzi. Nyumba ilikuwa ya kupanga, ikachukuliwa na watu wengine. Idi iliyofuata kila mtu alikaa kwake, akatuma picha ya maua kwenye simu, na baada yake Idi nyingine ikapita hivyo hivyo. Afra alijiambia ni msiba bado, watu wataanza tena. Mpaka siku moja dukani akaja msichana wa miaka kumi hivi, katumwa shifoni ya kijani. Afra alimtazama pua, akajua ile ni pua ya Bi Hamda haswa, imehamia tu usoni pengine.

"Weye si Shadya, mjukuu wa Bi Arwa wa Kiembe Samaki?" alimuuliza.

"Naam," alisema msichana kwa adabu. "Nawe nani?"

Afra alimkatia shifoni yake, akaikunja. Bi Arwa ni shangazi yake khasa, dada wa baba yake, na huyu mtoto alimpakata siku ya akika yake. Miaka miwili tu bila ya mkate, na damu yake inamuuliza yeye nani. Akaona wazi kwamba akinyamaza, ikifika Idi ya tano hapatakuwa na ukoo, patakuwa na watu wanaofanana pua.

Wiki ile ile ikaja habari kwamba Ami Thuwaini, mtoto wa mwisho wa Bi Hamda, anakuja kutoka Maskat. Ilikuwa miaka tisa hajakanyaga Unguja, na maziko ya mama yake hakuyawahi. Angekaa siku tano, Idi ikiwa ndani yake, kisha arudi. Afra alimwambia mumewe, Hamid Bakar, "Mwaka huu mkate naupika mie."

Hamid ni fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache. Alitazama ukumbi, akaupima kwa macho. "Mtaenea wapi?"

"Tutaenea," alisema Afra, na Hamid akaenda kuazima mikeka kwa majirani.

Siku mbili kabla ya Idi pili, Afra alivaa kanga mpya akatoka kualika. Simu hakuitaka, kwa sababu mwaliko wa simu mtu huusoma huku anakula muwa. Alikwenda kwa miguu yake nyumba kumi na moja, na kila alipofika alisimama mlangoni, akasema, "Maneno ya Bibi ni yale yale. Mkate wa Idi pili upo, baada ya laasiri. Msikose." Hakuongeza neno. Kiembe Samaki, Shangazi Arwa alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena na kumwagia marashi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali, na jambo hilo lilimfurahisha Afra kuliko yote. Alirudi Jang'ombe anatembea kama bibi harusi.

Asubuhi ya Idi pili aliusaga mchele uliokwisharoweka pamoja na tui zito, akatia hamira na iliki, akaufunika unga karibu na jiko upate kuumuka. Bi Hamda hakuwa akitazama saa. Alikuwa akiinama na kutega sikio juu ya bakuli, na unga ukianza kunong'ona, vipovu vikipasuka kimoja kimoja, husema, "Washa makaa." Afra naye alitega sikio. Wanawe wakamcheka. Aliposikia ule mnong'ono machozi yalimtoka, akatia sukari na ute wa yai, akawasha makaa. Mikate minne ilipikwa, moto chini na moto juu ya kifuniko, na yote minne ikatoka imeiva rangi ya asali.

Laasiri ikaadhiniwa, watu wakaswali. Mikeka imetandikwa, udi umefukizwa, kahawa iko jikoni. Afra alikaa mlangoni. Walipita watoto wa watu na nguo zao mpya na bastola zao za maji wakielekea viwanja vya sikukuu. Alipita muuza ubuyu. Ikawa saa kumi na nusu, na wa ukoo wake hajatokea hata mmoja.

"Wapigie simu," alisema Hamid.

"Mgeni hadaiwi," alisema Afra. Bi Hamda hakupata hata siku moja kumuuliza mtu mbona hujaja. Lakini alichungulia njia tena. Alimfikiria Ami Thuwaini, aliyetoka Maskat, amekaa sebuleni Kiembe Samaki anatazama televisheni, akijua sasa kwamba mama alipokwenda alikwenda na watu wake. Mkate wa kwanza ulishapoa. Akaona haya mbele ya mumewe na mbele ya mikeka ya watu, akajilaumu kwa kujifanya Bibi na yeye si Bibi.

Saa kumi na moja kasoro robo simu ikalia. Shangazi Arwa.

"Afra, weye uko wapi?"

"Nipo nyumbani, Shangazi. Nnakungojeni."

"Unatungoja nyumbani wapi? Sisi tushakaa hapa toka laasiri. Baraza imejaa, watu wengine wamesimama njiani, weye hatukuoni wala mkate hatuuoni."

"Hapo wapi, Shangazi?"

"Hapa kwa Bibi, mwanangu. Sokomuhogo. Si umetualika mkate wa Idi pili?"

Afra alijishika kichwa. Maneno yale aliyokariri tangu ana miaka sita yalikuwa na siku yake, na wakati wake. Pahali hapakuwamo, kwa sababu katika umri wote wa Bi Hamda haikuwahi kuwa na haja ya kupataja. Aliyasema kama alivyofunzwa, na watu wa nyumba kumi na moja na watoto wao na wajukuu wao wakaenda walikozoea, kwenye nyumba isiyokuwa yao tena, na hakuna aliyejiuliza anakwenda kwa nani.

"Na wenyewe wa nyumba?" alinong'ona.

"Yupo Bi Mwanakheir, mtu wa Wete. Maskini, kaona kanzu zimejaa mlangoni kadhani kuna maiti. Sasa kashatutolea mikeka, anapika kahawa. Njoo basi."

Hamid alikuwa ameshatoa Vespa. Afra alikaa upande na sinia mbili mapajani, mikate miwili miwili, kawa juu yake, na buibui limepepea mpaka linamziba dereva macho. Njia nzima alikuwa anacheka peke yake. Darajani watu wamejaa, Vespa haipiti, wakateremka wakaenda kwa miguu, Hamid na sinia moja kichwani, na harufu ya iliki ikawatangulia hata watu wasiowajua wakawa wanawapa mkono wa Idi na kuangalia kawa.

Walipokata kona ya Sokomuhogo, kitu cha kwanza Afra alichokiona ni viatu. Vimejaa mlangoni, makubadhi, ndara, viatu vya watoto vyenye taa kwenye visigino, kama zamani. Kisha watu nao wakamwona, na kelele zikaanza.

Ami Thuwaini alikuwa amekaa pembeni mwa mlango, pale pale alipokuwa akikaa mama yake. Ndevu zimekuwa nyeupe.

"Shikamoo, Ami," alisema Afra, akambusu mkono.

"Marahaba, mwanangu." Akaushika mkono wake asiuachie. "Njiani nimemwambia Arwa, kwenda Sokomuhogo kufanya nini, na Mama hayupo? Nikaja shingo upande. Nafika kona ile, nikaona viatu." Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba bila ya kuona haya.

Bi Mwanakheir alitoka na birika ya kahawa. Alikuwa na miezi minane mjini na hajaingiliwa na mgeni hata mmoja, na sasa ana wageni arubaini. Alisema kwa upole kwamba mwakani wakija yeye atakuna nazi. Shangazi Arwa akamkalisha chini baina yake na ukuta, kama mtu aliyekuwepo siku zote.

Kisu kikaletwa, Ami Thuwaini akaukata mkate wa kwanza. Akakiinua kipande, akawatazama watu. "Nani kafika mwisho?"

Watu wakatazamana. Watoto wakahesabiana. Shadya, mwenye pua ya Bibi, alikuwa ameegemea nguzo ya mlango, na yeye ndiye aliyejibu.

"Shangazi Afra," alisema. "Kafika sasa hivi."

"Mie mpishi," alisema Afra.

"Mpishi kachelewa saa nzima," alisema Shangazi Arwa. "Mpeni, asahau."

Ami Thuwaini akamtia kipande mkononi. Kilikuwa kimepoa, pembeni kigumu kidogo, kati laini, na iliki haikufika kama ya Bibi, ilitaka iongezwe. Afra alisimama njiani, nje ya mlango aliokulia ndani yake, watu wote wa Bi Hamda wakimngoja yeye amalize ndipo wao waanze. Furaha ilimjaa hata kutafuna akawa anasahau. Alikila chote, polepole, mpaka kikaisha, kisha akavua viatu vyake akavipanga na vya wenzake.