Homa ya Umoja na Homa ya Nyumbani

Mitaani kwetu Eastlands, Nairobi, miaka ile ya tisini, daktari alipimwa kwa sindano. Ukitoka kliniki unachechemea, umetibiwa. Ukitoka na chupa ya dawa ya maji tu, majirani wanakuonea huruma.

Daktari wetu wa mtaa wa Umoja hakuwa mwepesi wa sindano, na mimi nilikuwa simpendi. Mtu akifika na homa, badala ya kuandika dawa, yeye anauliza kama umesafiri. Utadhani ni afisa wa uhamiaji.

Siku binti yangu alipochemka mwili, nilitoka kiwandani mbio, aproni ingali kiunoni. Nilikuwa nimeshamzika mtoto mmoja, kifungua mimba wangu, aliyeshikwa na homa tukiwa nyumbani, Magharibi mwa Kenya. Sikuwa na subira ya maswali.

"Mmeenda ushago hivi majuzi?"

"Hatujaenda nyumbani wala mahali, daktari. Mdunge tu ya malaria."

"Ngoja kwanza, mama."

Ningoje! Akamvua mtoto blauzi, akakaa akimtazama kifua, jicho moja kwenye saa. Mimi nakaa, nasimama, nazunguka chumba. Nikamwambia wazi kwamba kule kwetu daktari hapotezi wakati: homa ni malaria, sindano, basi.

"Si kwenu peke yake," akasema bila kukasirika. "Karibu nchi nzima tunaandika hivyo, na kule kwenye mbu wengi, mara nyingi wanapatia. Lakini huyu hajatoka Nairobi. Kuja uone hapa."

Akanionyesha chini ya mbavu. Kila mtoto alipovuta pumzi, pale palibonyea ndani.

"Hii ni nimonia, mama."

Akaandika dawa ya maji ya kifua, akaniambia nisiikatize hata mtoto akipata nafuu, na nimrudishe haraka akizidiwa.

Nilipofika kwangu, jirani aliitazama ile chupa. "Hata sindano moja? Sasa huyo ni daktari gani?"

Mkebeni nilikuwa na klorokwini, vidonge vya malaria. Mama mkwe hakuwahi kuja Nairobi bila kutuletea unga wa wimbi na vidonge hivyo. Nikavitoa. Nikavirudisha. Nikafua nguo zilizokuwa safi. Nikavitoa tena, nikaponda kimoja kwa kijiko, halafu nikaenda kukimwaga nje. Niliogopa kumpa, niliogopa kutompa, na hasira zote nikazielekeza kwa daktari.

Pumzi zilitulia polepole. Asubuhi moja binti akalilia uji, akaonja, akalalamika kwamba sukari ni kidogo. Nikacheka huku machozi yananitoka.

Nilimrudisha kliniki ili nishukuru. Daktari akamvua tena, akatazama, akaridhika. Nikajikuta nauliza, "Daktari, nimonia hii, ushago pia iko?"

"Iko kila mahali, mama. Tena mwanzoni hufanana sana na malaria. Ndiyo maana lazima mtoto avuliwe nguo."

Nikaanza kumvalisha binti. Kifungua mimba wangu nilimpeleka zahanati ya kule nyumbani asubuhi yenye baridi, nimemvika sweta niliyomfumia mwenyewe. Hatukuulizwa lolote. Walimhudumia upesi, nami niliwashukuru sana.

Walimdunga ya malaria pajani. Ile sweta hakuna aliyeivua.