Barua Pepe za Baba Vero

Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi jioni. Nina uhakika, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama saa ya laptopu ya mteja nikipima chaji iliyobaki. Ulikuwa haujaingia usiku wenyewe. Kuku wa jirani walikuwa bado wanagombania mahali pa kulala.

Najua umeshasimuliwa mengi ya namna hii: abiria asiye na nyayo, bibi harusi anayesimamisha malori. Hata mimi huwa sivisikilizi visa hivyo. Mimi ni mtu wa kupima umeme kwanza ndipo niseme kifaa kimeungua. Lakini hili nililiona kwa macho yangu nikiwa sijaonja ulanzi wala pombe nyingine, na sikuwa peke yangu. Ukikataa kuniamini sitagombana nawe. Nisikilize tu mpaka mwisho.

Natengeneza kompyuta Igawa, kando ya barabara kuu ya Iringa na Mbeya. Sikusomea. Nilijifunza kwa kufungua mashine zilizokufa na kusoma maelekezo usiku hadi nikayaelewa. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kutafuta barua pepe zilizopotea, maana nyingi huwa hazijapotea kweli. Nyingine zimeangukia kwenye kapu la takataka, na huko hukaa mwezi mmoja kabla ya kutoweka. Nyingine zimebaki nakala mahali ambapo mwenyewe amepasahau.

Siku hiyo mchana aliingia mama mmoja kutoka Madibira, amebeba laptopu ndani ya gunia. Nilimfahamu kidogo; alikuwa akijulikana kwa jina la Mama Vero.

"Kaka fundi, nimeileta kwenye gunia la mchele," alisema. "Ukikuta punje ndani usizipike, nirudishie."

Alicheka, lakini alikuwa na kitambaa cheusi cha msiba begani. Mumewe, Baba Vero, alikuwa karani kule Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, na alikuwa amefariki kwa maradhi miezi miwili iliyopita. Akazikwa kijijini kwao, Mufindi. Yeye Mama Vero ni Msangu, na alipoolewa baba yake alimpa ng'ombe. Aliwauza wote wakanunua shamba la mpunga la ekari nne. Siku ya kuandikishana alikuwa na kichanga cha wiki moja, kwa hiyo alikwenda mume peke yake, na jina likaandikwa la mume peke yake.

Sasa kaka mkubwa wa marehemu alikuwa amesema shamba ni la ukoo. Kesho yake asubuhi Mama Vero alitakiwa afike mbele ya baraza la ardhi na ushahidi wake. Na ushahidi alikuwa nao mmoja tu. Krismasi iliyopita, mumewe alipokuja likizo, alikaa na hiyo laptopu nyumbani akamwandikia kaka yake barua pepe kwamba shamba lilinunuliwa kwa ng'ombe wa mkewe, na kwamba yeye akifa libaki kwa mkewe. Kaka alijibu amekubali. Baada ya mazishi kaka huyo alisema hakuna barua kama hiyo duniani.

Nilifungua akaunti ya marehemu kwa kompyuta yangu ndogo, iliyokuwa bado na chaji. Mama alikuwa na nenosiri. Barua haikuwepo. Kwenye kapu la takataka hapakuwa na kitu.

"Wamezifuta," alisema. "Shemeji zangu hao. Pale msibani simu yake ilishinda mikononi mwao."

"Na simu yenyewe iko wapi?"

"Nimemzika nayo."

"Umemzika na simu?"

"Kwao, fimbo ya mzee huondoka na mzee," alisema. "Mume wangu hakuwa na fimbo, kaka. Alikuwa na simu. Niliichaji kabisa nikamwekea mfukoni."

Ikabaki laptopu. Hapa nakuomba unielewe vizuri. Tangu Krismasi ilikuwa imekaa Madibira ndani ya kabati, haijawashwa. Intaneti yake ilikuwa ikitoka kwenye simu ya Baba Vero tu, na simu iliondoka naye. Programu ya barua pepe iliyomo ndani huhifadhi nakala ya kila ilichopokea na ilichotuma. Mashine isiyounganishwa na mtandao haina habari kwamba barua zimefutwa kwingine. Siku ikiunganishwa ndipo inapopata habari, na yenyewe huzifuta papo hapo bila kukuuliza.

Kwa hiyo nilikwenda kwa utaratibu. Nilizima waifai ya laptopu kabla ya kufungua chochote. Nilizima simu yangu na ya mama. Na hata kama ningesahau, mtandao pekee ambao laptopu ile iliufahamu ulikuwa chini ya udongo wa Mufindi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, printa haifanyi kazi, kwa hiyo nilipanga kuinakili barua kwenye flashi, na kesho alfajiri umeme ukirudi tuichape.

Nikaipata. Ilikuwa nzima, pamoja na jibu la kaka.

Nilimsomea. Baba Vero alikuwa ameandika vizuri, kwa Kiswahili cha karani, lakini katikati palikuwa na sentensi moja ya namna nyingine: "Mke wangu alitoa ng'ombe wa baba yake bila kuniuliza nitamlipa lini, na sijawahi kumwambia asante."

Mama Vero alijifunika uso na kanga. "Soma tena hapo, kaka."

Nikasoma tena.

"Tena. Miaka kumi na minne hajawahi kunitamkia neno hilo. Soma tena ndipo unakili."

Ungekataa wewe? Flashi nilikuwa nimeishika mkononi. Nikaanza kusoma mara ya tatu.

"Kamwene, fundi."

Mtu alikuwa ameketi kwenye benchi langu la nje, mlangoni kabisa. Sikusikia hatua zake. Nilimjibu "Kamwene," kama anavyojibu mtu yeyote wa njia hii akisalimiwa na Mhehe. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, amenyolewa vizuri, uso umepakwa mafuta mengi kuliko kawaida. Nilidhani ni mteja. Lakini Mama Vero alinikamata kifundo cha mkono, na kucha zake zikaniingia.

Yule mtu akatoa simu kwenye mfuko wa koti, akaibonyeza, kioo kikawaka. Na kwenye kona ya laptopu, alama ya waifai niliyoizima kwa mkono wangu ikawaka nayo. Ikaandika jina la mtandao iliokuwa ikiunganika nao: Baba Vero.

"Baba Vero," mama alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

"Nakuona."

"Kaka zako wamezifuta barua zako. Wanataka kuninyang'anya shamba."

"Kaka zangu hawajui hata nenosiri langu," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini basi limechelewa. "Nilizifuta mwenyewe. Mgololo, jioni moja, baada ya chai. Nikamwambia na kaka afute za kwake."

"Kwa nini?"

"Kaka aliniuliza, ukifa, watu wakipita pale watasema shamba la nani? Nikachukua simu nikazifuta."

"Ng'ombe walikuwa wa baba yangu!"

"Walikuwa ng'ombe wazuri," alisema.

Wakati huo nilikuwa nimeshachomeka flashi. Nilikuwa nahangaika kuanza kunakili. Barua zilikuwa zinatoweka moja moja kuanzia juu ya orodha, bila haraka. Ile tuliyokuwa tukiisoma ikawa nyeupe mbele yetu. Niliigeuza laptopu nikachomoa betri, ikazimika.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameshasimama na kutugeuzia mgongo. Hapo ndipo nilipoona. Koti lake lilikuwa limekatwa kwa mkasi kutoka kwenye kola hadi pindo, na shati la ndani vilevile, kama wanavyofanya mochwari ili maiti ivalishike. Mgongo wote ulikuwa umeganda udongo mwekundu. Igawa hatuna udongo wa rangi hiyo.

"Vero anakuulizia kila siku!" mama alimpigia kelele.

Hakugeuka. Akavuka barabara. Lori likapita kutoka Makambako na taa zake, na lilipokwisha kupita, ng'ambo hapakuwa na mtu.

Niliirudishia betri, nikaiwasha. Barua hazikuwepo, na flashi ilikuwa tupu. Kwa majuma kadhaa nilijaribu kila njia ninayoijua ya kuchimbua mabaki kwenye diski, na nilichopata ni kichwa cha barua tu: "Kuhusu shamba." Shamba gani, na limeamuliwaje, hakuna herufi hata moja.

Kesho yake ile asubuhi, mbele ya baraza, waliulizwa karatasi. Mama Vero hakuwa nayo. Mimi nilisimama nikasema niliisoma barua ile, wakaniuliza iko wapi. Ningewaambia nini? Baraza likasema shamba ni la ukoo.

Siku hiyohiyo Mama Vero alikitoa kitambaa cheusi begani, akakiacha juu ya benchi langu. "Nilikuwa na mume aliyekufa, kaka fundi," alisema. "Sasa hata huyo sina." Siku hizi hupanda mpunga kwa kibarua katika ekari zilezile nne, ameinama kwenye maji, na mwenye shamba hajui kwamba kila mfereji pale kibarua wake huyo anaujua kwa mguu.

Mimi nimebaki na tabia moja ambayo watu wa Igawa wanaichekea. Mtu akinisalimia jioni, siitikii mpaka ageuke nimwone mgongo. Wateja wengine wamenikimbia kwa sababu hiyo. Waende.

Na wewe unayesoma, nakuonya. Ukiipata barua iliyokuwa imepotea, inakili kabla ya kuisoma. Usiisome kwanza, hata kama ni ya mtu uliyempenda, na hasa kama ni ya mtu uliyempenda. Usimzike mtu wako na kitu ambacho bado kina chaji. Na usidhani kwamba marehemu akirudi, amerudi kukusaidia wewe. Anaweza kuwa amerudi kumalizia kazi yake.

Shamba liliuzwa kwa shilingi milioni ishirini na mbili. Katika hizo, shemeji yake alimtumia Mama Vero shilingi elfu thelathini, za sabuni.